Tusiwasingizie wanyama ubaguzi wetu

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha posa katika nyumba moja ya jamaa zetu. Kijana aliyeleta posa ana kazi yake, ana adabu, msikitini anaonekana, na katika kikao kizima hakutokea mtu wa kumtaja kwa baya. Kasoro yake ilikuwa moja tu: wazee wake ni watu wa kuja, na nyumba aliyoposa ni ya watu wanaohesabu babu zao mpaka wa saba bila kukosea jina. Mazungumzo yalikwenda yakarudi, kahawa ikanywewa ikaisha, hatimaye mzee mmoja ambaye sote tunamheshimu akasema: "Wanangu, hata wanyama hawachanganyiki. Kila mmoja na wenziwe. Muumba ndivyo alivyowapanga, sisi ni nani hata tupangue?"

Kikao kikanyamaza. Kauli ile ikawa kama muhuri, posa ikarudishwa kwa maneno mazuri, na watu wakaagana. Nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Nilijiambia kwamba si adabu kumjibu mzee mbele za watu. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na adabu ikawa kisingizio.

Ndugu msomaji, sikusudii leo kuingia katika mlango wa kufu. Wanazuoni wameujadili kwa mapana na vitabu vyao vipo. Wala sina haja ya kumkumbusha msomaji wa ukurasa huu aya ya 13 ya Suratul Hujurat, maana huenda anaijua kuliko mimi. Ninachotaka kukipima ni ile hoja yenyewe ya mzee, kwa sababu kwa hakika haikuwa hoja ya dini. Ilikuwa hoja ya maumbile iliyovishwa kanzu ya dini, na hoja ya namna hiyo husikika katika vikao vingi, si kile kimoja tu.

Hoja ile ina miguu miwili. Wa kwanza ni habari: kwamba wanyama hawachanganyiki. Wa pili ni hukumu: kwamba kwa kuwa wao hawafanyi, basi nasi tusifanye. Tuanze na habari. Na tuwe waadilifu katika kuipima. Mtu asije akaniambia kwamba mbuzi hapandwi na fahali. Hao ni wanyama wa aina mbili, ilhali binadamu sote ni aina moja. Mfano wa haki ni wanyama wa aina moja wanaoishi mbalimbali, kila kundi na kwao. Je, hao nao hawachanganyiki?

Mimi namchagua nyangumi mwenye nundu. Huyu ni jirani yetu ingawa wengi hatumjui. Kila mwaka, takriban kati ya Julai na Novemba, hupita katika maji ya Msumbiji, Tanzania na Kenya, na wavuvi wa Mtwara, Unguja na Watamu humwona akiruka na kujibwaga kwa kishindo. Ni mnyama wa mita 13 hadi 16, mwenye uzito wa tani zinazozidi 25. Hatoki huku. Chakula chake kipo kusini kabisa, kwenye bahari ya barafu inayozunguka Antaktika, ambako hula wadudu wa bahari wanaofanana na uduvi wetu. Huko hushiba majira ya joto ya kusini, kisha huja maji ya uvuguvugu kupandana, kuzaa na kunyonyesha. Muda wote anapokuwa huku hali chochote, au hula kidogo mno. Anaishi kwa akiba ya mafuta aliyokuja nayo mwilini.

Sasa tazama jinsi habari ya mzee inavyoonekana kuwa na nguvu hapa. Nyangumi hawa wa nusu ya kusini ya dunia hawazaani ovyo ovyo. Wana maji yao ya uzazi, na wataalamu wa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi wameyagawa makundi yao kwa herufi, kuanzia A mpaka G. Wanaozalia Brazil ni A. Wetu wa Afrika Mashariki, pamoja na Madagaska na Komoro, ni C. Wanaopanda pwani ya Pasifiki mpaka Ekwado na Kolombia ni G. Ndama humfuata mama yake katika safari yake ya kwanza, huijifunza njia, na akikua huirudia mwaka baada ya mwaka. Baharini hakuna ukuta wala askari wa mpakani, lakini mazoea ya mama yanatosha kumrudisha kila mmoja kwao. Angekuwapo mtu wa kutafuta ushahidi wa kumuunga mkono mzee wetu, angeanza kwa nyangumi.

Na kwa miaka mingi habari iliishia hapo. Kisha ikaja kazi ya kupiga picha mikia. Nyangumi huyu anapozama huinua mkia juu ya maji, na upande wa chini wa mkia ule una mabaka meusi na meupe, makovu na kingo zilizomeguka, ambavyo kwa kila nyangumi ni vyake peke yake kama alama za vidole vyetu. Wataalamu, na watalii pia, wamekusanya picha hizo kutoka bahari zote, na siku hizi kompyuta huzilinganisha kwa maelfu.

Mwaka 1999 nyangumi jike alipigwa picha katika maji ya uzazi ya Brazil. Mwaka 2001 jike yule yule alipigwa picha Madagaska, na mpigaji alikuwa mtalii tu aliyekuwa matembezini. Picha hizo mbili zilikuja kukutanishwa baadaye, na mwaka 2010 habari ikachapishwa: jike mmoja amevuka zaidi ya kilometa 9,800, kutoka kundi A hadi kundi C. Wataalamu walishangaa mara mbili, kwa sababu ya umbali na kwa sababu walizoea kudhani kwamba wanaotangatanga ni madume.

Kubwa zaidi lilikuwa bado. Julai 2013 dume mmoja alipigwa picha pwani ya Pasifiki ya Kolombia. Mwaka 2017 alionekana tena huko huko Kolombia, akiwa kwao, katika kundi lake. Agosti 2022 dume huyo huyo akapigwa picha hapa petu, katika mkondo wa bahari baina ya Unguja na Bara. Ukipima njia fupi kuliko zote baina ya sehemu hizo mbili unapata kilometa 13,046, na bila shaka yeye aliogelea zaidi ya hapo. Habari hiyo ilipochapishwa Desemba 2024, hapakuwa na safari ndefu kuliko hiyo iliyowahi kuthibitishwa kwa nyangumi wa aina yake baina ya maji mawili ya uzazi. Kutoka kundi G hadi kundi C, kutoka Pasifiki hadi Bahari ya Hindi, mgeni akatia nanga mlangoni petu wala hatukujua.

Hawavukaje? Jibu lililo karibu na akili ni kwamba wanakutana mezani. Makundi hutengana wakati wa kuzaa, lakini kusini kwenye barafu, wakati wa kula, hakuna herufi. Hapo malisho yameizunguka Antaktika kama mkufu, na wa kundi moja wanaweza kukaribiana na wa kundi jingine. Msimu unapogeuka kila mmoja hurudi njia yake. Wachache hawarudi walikotoka, bali hupanda na wenyeji wa njia nyingine.

Tena hata asiyevuka hupelekewa habari. Madume wa nyangumi hawa huimba katika msimu wa uzazi, na kila kundi lina wimbo wake unaoimbwa na madume wote wa hapo. Mwaka 1996 pwani ya mashariki ya Australia, kati ya waimbaji 82 waliorekodiwa, wawili walisikika wakiimba wimbo tofauti kabisa. Ulikuwa wimbo wa nyangumi wa pwani ya magharibi, wa bahari nyingine. Kufikia mwaka 1998 wimbo wa zamani ulikuwa umekwisha, na pwani nzima ya mashariki inaimba wa kigeni. Baadaye ikabainika kwamba nyimbo za Australia husafiri kwenda mashariki, kundi hadi kundi, hata zikafika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa.

Kwa hiyo mguu wa kwanza wa hoja umevunjika. Si kweli kwamba hawachanganyiki. Kweli ni kwamba wengi hubaki kwao, na wachache huvuka. Na wachache hao si wa kudharauliwa. Wataalamu wa vinasaba wana kanuni ya makadirio, inayotokana na kazi ya Mmarekani Sewall Wright, kwamba hata mgeni mmoja tu anayezaa katika kila kizazi anaweza kutosha kuyazuia makundi mawili yasiachane kabisa. Mmoja tu!

Lakini tusikimbilie kushangilia, maana haki ina pande mbili. Kuna nyangumi wenye nundu ambao kweli hawachanganyiki, nao wapo jirani zaidi kuliko Kolombia. Ni wale wa Bahari ya Arabu, wanaoonekana pwani ya Oman. Hao hawaendi Antaktika. Wanakula na kuzaa katika bahari ile ile mwaka mzima, kwa sababu pepo za kusi huivurugavuruga bahari ile na kuleta chakula juu. Mmoja wao, jike aliyepewa jina la Luban, yaani ubani, alifungwa chombo cha setilaiti mwaka 2017 akavuka hadi pwani ya India, kisha akarudi Oman. Ndiyo safari yao hiyo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba wametengana na wenzao wa kusini kwa miaka ipatayo 70,000.

Kilichowatenga ni nini? Si fahari ya nasaba. Ni kalenda. Wao wanafuata majira ya kaskazini, na wa kwetu wanafuata majira ya kusini. Wakati wa Oman wanapopandana, wa kwetu wako kwenye barafu wanakula. Wa kwetu wanapokuja kupandana, msimu wa Oman umekwisha. Ni kama majirani wawili ambao mmoja hufanya kazi usiku na mwingine mchana. Wanaweza kukaa miaka bila kusalimiana, na bila mmoja kumchukia mwenziwe.

Je, utengano huo umewapa nini? Umewapa upekee, hilo tukiri. Wimbo wao ni wao wenyewe, na dunia ikiwapoteza itakuwa imepoteza kitu kisichopatikana kwingine. Lakini vilevile umewaacha wachache na dhaifu. Wanakadiriwa kutofika 100. Mwishoni mwa mwaka 1966 meli za Kisovieti ziliingia katika bahari ile na kuua zaidi ya 200 kwenye pwani za Oman, Pakistan na India, jambo lililofichwa na kufichuliwa miaka ya 1990. Kusini nako waliuawa, tena kwa wingi wa kutisha. Katika karne ya 20 nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 walichinjwa katika nusu ya kusini ya dunia. Ila kusini, tangu uwindaji wa biashara usimamishwe mwaka 1986, makundi mengi yamerudi kuongezeka. Wale wa Oman hawajainuka. Zipo sababu nyingi, zikiwemo nyavu na meli, lakini kundi dogo lisilopokea mgeni halina wa kuliongezea damu siku ya msiba.

Basi nyangumi anashuhudia nini? Anashuhudia mambo mawili kwa pamoja. Mipaka ipo, si ndoto. Mtoto hulelewa na mama yake katika njia fulani, na njia hiyo ina thamani. Aliye na njia anajua pa kula na pa kuzaa. Na mchanganyiko nao una gharama yake, kwani wimbo wa zamani wa mashariki ya Australia ulikufa. Lakini mpaka ule ni wa mazoea, si wa ukuta, na haujawahi kufungwa kabisa isipokuwa pale ambapo majira yenyewe yamewapishanisha.

Hapa mtu angeweza kusema: vema, umeshinda, kumbe wanyama huchanganyika, basi nasi tuchanganyike. La hasha! Nikisema hivyo nitakuwa nimetumia fimbo ile ile ya mzee, ila nimeishika upande wa pili. Tufike sasa kwenye mguu wa pili, ule wa hukumu.

Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, katika kitabu alichokitoa mwaka 1739 na 1740, alieleza tabia moja ya watunga hoja. Wanaanza kwa kusimulia jinsi mambo yalivyo, kisha ghafla unawakuta wanasema jinsi yanavyopasa kuwa, bila kuonyesha daraja walilovukia. Mzee wetu alivuka hivyo. Hata kama wanyama wasingechanganyika abadani, lisingetoka humo jambo lolote la kumfunga binti na kijana. Wanyama wapo wanaokula watoto wao, wapo wanaowaacha wagonjwa njiani. Hatuwafuati. Nani aliyetuchagulia kwamba katika hili la posa tuwafanye makadhi, na katika hayo mengine tuwaite hayawani?

Na ninyi mnaodhani hii ni hoja ya kahawa tu, isiyodhuru mtu, sikilizeni. Juni 1958 huko Marekani, Richard Loving, mzungu, alimwoa Mildred, mwanamke mweusi mwenye damu pia ya wenyeji wa asili. Walifunga ndoa Washington kwa sababu kwao Virginia sheria ilikataza. Walikamatwa, wakahukumiwa, wakatakiwa waondoke katika jimbo lao. Januari 1965 jaji Leon Bazile alipokataa kuifuta hukumu ile aliandika kwamba Mungu aliziumba rangi za watu na kuziweka katika mabara mbalimbali, na kuziweka kwake mbalimbali ni dalili kwamba hakukusudia zichanganyike. Ndiyo hoja ya mzee wetu hiyo hiyo, ila hii iliandikwa na jaji na ikawa na nguvu ya jela. Juni 12, 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupilia mbali kwa kauli moja.

Sasa mtie dume wa Kolombia katika hoja ya jaji. Naye aliwekwa katika bara lake na bahari yake. Akavuka kilometa 13,046. Je, amemwasi aliyemweka? Au tuseme kwamba aliyemweka kule ndiye aliyempa mkia wa kumfikisha huku? Swali hilo halijibiki kwa kutazama ramani. Mwenye kuitazama ramani akasoma humo makusudio ya Muumba, mara nyingi huwa anasoma makusudio yake mwenyewe.

Tena nyangumi yule mwenyewe hawezi kuwa mfano wa wema. Wataalamu wamekisia sababu mbalimbali: labda hali ya hewa imebadilika na chakula kimehama, labda makundi yanaongezeka na madume wanatafuta nafasi, labda ni kutafuta majike tu. Picha ya mkia haisemi nia. Yeye hakuvuka kwa sababu ya kupenda haki, na wa Oman hawakubaki kwa sababu ya kiburi. Nia ni yetu sisi. Ndiyo maana sisi tunaulizwa na wao hawaulizwi.

Liko funzo moja ambalo nyangumi hawa wanatupa bila daraja la kughushi, nalo ni funzo la unyenyekevu katika kusema. Kabla ya picha zile kukutanishwa, mtu angeweza kuapa kwamba nyangumi wa Brazil hafiki Madagaska, wala wa Kolombia hafiki Unguja. Hakuna aliyewahi kuwaona! Kumbe huenda walikuwa wanapita, ila hakuna aliyekuwa analinganisha mikia. Herufi zile za A mpaka G ni za kuhesabia, nazo ni za manufaa, lakini nyangumi hakuulizwa. Kutoona hakuwi ushahidi wa kutokuwepo. Na sisi tunaohesabu babu saba, tumemwuliza nani habari za wa nane? Pwani hii imepokea majahazi kwa karne nyingi. Katika kila ukoo unaojiita wa wenyeji, rudi nyuma kiasi cha kutosha utamkuta mtu aliyeshuka kutoka chomboni au aliyeteremka kutoka bara na mzigo kichwani, akaposa, na siku ile mtu fulani akamfungulia mlango.

Sisemi kila posa ikubaliwe. Mzazi ana haki ya kuuliza kijana ni nani, anaishije, amelelewaje. Anaweza kuhofia kwamba mila mbili zitagongana ndani ya nyumba moja, na hofu hiyo si dhambi, maana tumeona kuwa njia ya mama ina thamani. Hayo ni maswali ya watu, yanajibika na watu. Yanaweza kumpa kijana nafasi ya kujieleza. Ile kauli ya wanyama haikumpa nafasi yoyote, kwani nani atajibizana na maumbile?

Kama ningerudishwa katika kikao kile leo, ningemwambia: "Mzee wangu, kwa heshima zote, wanyama tuwaache baharini na porini kwao. Kama hatumtaki kijana huyu, tuseme sisi hatumtaki, na tutaje sababu yetu mbele yake." Huenda posa ingerudishwa vilevile. Lakini waliokuwapo wangetoka wakijua nani aliyeikataa. Sikusema. Binti yule aliolewa kwingine, Mungu awape kheri, na yule kijana kila tukikutana hunisalimia kwa adabu ile ile. Hajui kwamba nilikuwamo, na kwamba sikufungua mdomo.